Mikia Iliyoota Ndani ya Dawa

Dada yangu mpenzi,

Kwanza salamu, kwa sababu nikianza na niliyo nayo moyoni bila salamu utasema usomi umeniharibu. Nakusalimu wewe, nyumba yako yote, na cherehani yako. Mimi sijambo. Nakula, nalala kidogo, na lile koti ulilonishonea bado linanikaa mabegani kama ulivyolipima. Ningekuuliza hali yako, lakini jibu nalijua: utasema salama tu, kama unavyosema hata siku ambayo umeshindwa kuinua kichwa kwenye mto. Basi swali hilo naliacha kwa sasa. Nitaliuliza mwishoni, na hapo nitataka jibu la kweli.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Kwenye simu huniachi nimalize. Nikifungua mdomo unanidakia, unanitania, unaniuliza kama nimekula, mara simu imekatika na mimi bado nina neno langu kooni. Barua huwezi kuidakia. Nakuomba ukae kwenye kile kiti cha wateja, siyo kwenye kiti cha cherehani, uvae miwani yako, uisome mpaka pale nilipoweka jina. Ukifika katikati ukakasirika, wewe kasirika, lakini endelea kusoma. Wala usimpe binti yako akusomee, maana Bi Maswali hatakuacha upite mstari mmoja bila kuuliza kitu.

Huku kazini tuko vilevile. Maabara yetu ni ile uliyoiona kwenye picha: meza ndefu nyeupe, sinki mbili, friji linalonguruma kama lina kikohozi, na ile rafu ya taa ambako zimepangwa chupa za maji ya kijani, zinatikiswa taratibu na mashine ili mwani wangu usizame chini. Najua wewe hutaki kuuita mwani. Nilikueleza kwamba ni kijimea cha seli moja, kisichoonekana kwa macho, chenye mikia miwili ya kuogelea, ukasema kitu chenye mkia ni mdudu, basi, na mpaka leo unaniuliza kama wadudu wangu hawajambo. Hawajambo, Dada. Wao ndio wazima kuliko sisi sote.

Mkuu wetu naye ni yuleyule. Tunamwita Bwana Rudia, siyo mbele yake, kwa sababu ukimpelekea jibu lolote, zuri au baya, analitazama, anavuta pumzi, anasema rudia. Tunasema hata mkewe alipomkubali aliambiwa arudie. Nimetabasamu kidogo nikiandika hivyo, lakini usidhani nina furaha. Sina furaha hata chembe.

Nataka nikukumbushe kazi yangu ni ipi, maana bila hiyo hutaelewa nilichokufanyia. Mwani ukitiwa asidi kidogo, unakatika mikia yote miwili kwa mpigo. Mtu angedhani umekufa. Lakini ukirudishwa kwenye maji mazuri, mikia mipya inaanza kuota hapo hapo, na kwa muda unaoutumia wewe kushona shati moja inakuwa imeshatimia. Mkia hujengwa kwa protini, na nilikwambia uifikirie protini hiyo kama uzi. Mkia ukikatika, seli inakimbilia kutengeneza uzi mwingi kuliko siku zote. Mimi kazi yangu ni kuzuia. Dawa ya kwanza hufunga kiwanda cha uzi, na hapo mkia huota nusu tu, kwa akiba iliyokuwemo ndani, kisha unasimama. Dawa ya pili inaacha uzi utengenezwe lakini hairuhusu kushona: nyuzi hazishikani, na mkia hautoki kabisa. Halafu tunapima uzi uliotengenezwa katika kila chupa, na tunapima mikia kwa hadubini. Ulipoyasikia hayo ulisema ni kazi ya watu wasio na huruma, kumkata mdudu mkia kisha kumnyima uzi.

Kisha ukaugua wewe. Ukatolewa ule uvimbe, na daktari alipokuandikia dawa ya kupitishwa kwenye dripu uliniambia jina lake kwa simu, herufi moja moja, nami nikaziandika pembeni ya daftari la maabara. Ilikuwa ndugu wa dawa yangu ya pili. Ukoo mmoja, kazi moja: inazizuia seli za ugonjwa zisishone nyuzi zilezile wanazotumia wadudu wangu kwenye mikia, maana bila nyuzi hizo haziwezi kujigawa zikaenea. Na inafanya kazi, vipimo vyako vinasema hivyo, ndiyo maana mpaka leo nina dada wa kumwandikia. Lakini dawa hiyo haichagui sana. Mishipa ya fahamu ya miguu nayo inategemea nyuzi hizo, na ndipo vidole vyako vilipoanza kufa ganzi.

Hakuna kiungo chako ninachokiogopea kama miguu. Cherehani yako ni ya kukanyaga, ya umeme huitaki, unasema inakimbia kama imeiba. Mama alipofariki, miguu hiyo ndiyo iliyonilea. Nilikuwa nakaa chini ya meza yako nafanya hesabu za shule, na kwa mlio tu nilijua kama unashona pindo au unashona mfuko. Ukiona leo naitwa mtaalamu, na mimi najua utaalamu huo umekanyagwa na mguu wa nani.

Basi ndiyo maana, ile siku mikia ilipoota ndani ya dawa ya pili, sikumkimbilia Bwana Rudia kwanza. Nilikupigia wewe. Nilipaza sauti mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Nilikwambia kwamba tumewatia dawa ile ile ya ukoo wa dawa yako, na wameota mikia humo humo ndani ya dawa. Kwamba tumepima tukakuta uzi mwingi, na mikia mirefu imesimama kana kwamba dawa si kitu. Nikaongeza kwamba seli ikishaamua kushona hakuna wa kuizuia, na miguu yako itafanya vivyo hivyo, vumilia tu. Ulilia, nami nikalia. Nilitia chumvi, Dada, nakiri, lakini siku ile niliamini kila neno.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Juzi Bi Maswali alinipigia simu akiwa amejificha uani. Tafadhali usimgombeze. Alinieleza kwamba alikuwa anafagia chini ya cherehani akaona damu kwenye kikanyagio. Akainama, akakuta sindano iliyovunjika imezama kwenye unyayo wako, na wewe juu unashona mkono wa gauni, unaimba. Alipokuonyesha uliutazama mguu kama ni wa mteja. Ukaichomoa kwa koleo, ukafunga kitambaa, ukamwambia baba yake asijue.

Hakuishia hapo. Akasema kila mkienda kliniki nesi anakuuliza habari za mikono na miguu, nawe unajibu mizima kabisa. Kwamba mkipita kwenye ile korido unamshika bega, watu wanadhani ni mapenzi ya mama na mwana, kumbe unamtegemea usianguke daktari akaona. Alikuuliza kwa nini, ukamjibu kwamba Mama mdogo ameshaona kwa macho yake miguu inavyorudi ndani ya dawa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwasumbua wale watu, wakisikia habari ya ganzi watakupunguzia dawa bure na ugonjwa urudi. Kisha, kwa ile sauti yake ya kuuliza, akaniuliza mimi: Mama mdogo, ni kweli, si ndiyo?

Nilimwambia kuna kitu nachemsha jikoni, nitampigia baadaye. Hakukuwa na kitu jikoni. Na sijampigia.

Dada, si kweli.

Nafika penyewe sasa. Bwana Rudia alitaka kuyapeleka matokeo yale kwenye mkutano wa wataalamu wenzake, na kama kawaida yake akasema kabla ya hapo nirudie, tena kwa dawa mpya. Ikaletwa chupa mpya, ya kioo cha kahawia. Nikawakata mikia, nikawatia dawa, nikasubiri. Mikia haikuota. Nikadhani nimekosea kipimo. Nikarudia. Haikuota. Uzi ulikuwepo, tena wa kutosha, umejaa ndani ya seli hauna pa kwenda, lakini mkia hata wa kusingizia haukuwepo. Nilikaa pale nikitazama rafu ya taa bila kufikiri kitu, na hapo nikaiona ile chupa ya zamani.

Dawa ile ya pili haitakiwi kukaa kwenye mwanga. Hilo si siri, limeandikwa kwenye lebo. Ikikaa chini ya taa kali inageuka polepole kuwa kitu kingine kisicho na nguvu, na huwezi kujua kwa kutazama, maana maji ni yaleyale. Kwa hiyo chupa yake huvikwa foili, ile karatasi ya bati ya kufungia vyakula, ikafungiwa kabatini. Lakini mwani nao una saa zake za giza, na kuna siku foili iliisha na mimi nilikuwa na chupa ya mwani inayotakiwa kufunikwa saa ileile. Nikaivua dawa foili yake, nikaivika chupa ya mwani. Nilisema ni kwa muda mfupi tu. Dawa nikaiweka pale mkono ulipofika, juu ya rafu ya taa, na pale ikabaki.

Utashangaa mtu mzima anafanyaje kosa kama hilo. Sisi watu wa mwani tuna ugonjwa wetu: kwetu mwanga ni chakula. Kitu tunachokipenda tunakiweka kwenye mwanga, chupa ikinyauka tunaisogeza kwenye taa, hata mimea ya nyumbani kwangu imepangwa dirishani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Anayefanya kazi na damu au na panya asingepitiwa namna hiyo. Mimi nilipitiwa, na dawa ikafa pale juu kidogo kidogo, na mimi kila siku nawachotea wadudu, nashangilia.

Sikutaka kuamini. Nikachukua dawa mpya kidogo, nikaiacha makusudi chini ya taa mpaka ikachoka, kisha nikawapa. Mikia ikaota, mirefu, inacheza. Nilikwenda kwenye sinki nikaimwaga ile chupa ya zamani yote.

Unaelewa, Dada? Wadudu wangu hawakuishinda dawa. Walikuwa kwenye maji matupu.

Nilikwenda kwa Bwana Rudia nikiwa nimeshajiona nje ya geti na kikapu changu. Nikamweleza yote, foili, rafu, kila kitu. Hakusema rudia, na hilo ndilo lililonitisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema makosa hata yeye ameyafanya, na makubwa kuliko hilo, lakini kuna desturi moja katika maabara yake ambayo hana msamaha nayo: kila uliyempa jibu, utamfuata ulipompa, umpe na kosa lake, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Akaniuliza nimemwambia nani. Nikamtajia mwenzangu wa meza ya pili, na yule fundi wa hadubini, na jamaa wa maabara ya jirani tunayekunywa naye chai. Akaniuliza kama kuna mwingine. Nikasema hakuna.

Niliwafuata wote watatu. Wa kwanza alinipa pole. Wa pili alisema yeye aliwahi kuharibu zaidi ya hapo. Wa tatu alicheka mpaka chai ikampalia, na tangu siku hiyo ananiita Mama Foili. Haikunigharimu kitu, Dada. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amesimama juu ya jibu langu kwa miguu yake miwili.

Uliyesimama juu yake ni wewe, na wewe ndiye niliyesema hayupo.

Ningekuwa nakuandikia habari ya foili peke yake ningelala vizuri. Lile lilikuwa kosa la kikazi, na kosa lina pole yake. Kuna jingine. Unakumbuka siku uliyonipigia ukiwa umetoka kliniki, ukaniuliza wadudu bado wanaota mikia? Nilikuwa nimesimama mbele ya chupa mpya. Nilikuwa nimetoka kwenye hadubini dakika hiyo hiyo, mikia hakuna, nimeona kwa macho yangu. Nikakwambia inaota. Tena nikakwambia inaota haraka kuliko mwanzo. Ukacheka kile kicheko chako cha zamani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu uugue, ukaniambia basi na wewe unarudi kwenye lile gauni la bibi harusi uliloliweka kando ulipougua. Ukapiga tena wiki iliyofuata, nikarudia. Bwana Rudia angenisifu. Hapo sikupitiwa, Dada. Hapo nilikudanganya nikiwa na akili zangu timamu, na nimekuwa nikikudanganya kila ulipopiga, na wewe kila nilipokudanganya ulikwenda kliniki ukawaambia miguu ni mizima.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuogopa. Nakujua ulivyo. Mwanzoni kabisa uliniambia mbele ya Shemeji kwamba ukiona dawa inakula miguu utaiacha, utakwenda zako na miguu yako, kwa sababu fundi asiye na miguu ni mzigo wa watu. Shemeji alitoka nje asilie mbele yetu. Sasa ningekwambiaje kwamba ile habari nzuri haikuwepo? Nikasema moyoni bora miguu iende, yeye abaki. Nilikuchagulia. Nilikukatia kitambaa bila kukupima, jambo ambalo wewe hujamfanyia mteja yeyote, hata yule mama msumbufu wa mabega mapana. Na sasa sindano inazama kwenye nyayo na wewe unaimba.

Sijui nifanye nini, Dada. Maji yamenifika shingoni na siku zote wa kunishika mkono ni wewe, nami ndiye niliyekuzamisha. Nikinyamaza, utaendelea kuwaficha, na kila dripu itachukua kidogo, mpaka siku utakayosimama usijue kama umesimama. Nikisema, labda kesho utaamka useme kumbe yote ni uongo, na dawa basi. Nimeiandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Nimeshinda nazunguka chumbani nazungumza peke yangu, jirani amegonga kuuliza kama nina mgeni. Naogopa. Naogopa kukupoteza, na naogopa kwamba ukipona utaitazama miguu yako kila asubuhi unikumbuke mimi.

Kwa hiyo nakuomba mawili, na nakuomba yote mawili pamoja, usinipe moja ukabaki na jingine. La kwanza, usiiache dawa kwa uamuzi wako. La pili, usiwafiche tena miguu. Nilikwenda kwa daktari mmoja huku anayetibu wagonjwa kama wewe, nikamweleza bila kutaja kwamba ni dada yangu, ingawa nadhani alijua, maana nilimaliza karatasi zake zote za kufutia machozi. Alisema wagonjwa wengi hupatwa na ganzi, na yapo ya kufanya: wakati mwingine hupunguza kipimo, wakati mwingine hupumzisha, wakati mwingine hubadilisha dawa, na kufanya hivyo si kuuachia ugonjwa. Lakini akasema hawezi kumsaidia mgonjwa anayesema yuko mzima. Nikamuuliza kama ganzi itaondoka. Akasema kwa wengine hupungua, kwa wengine hubaki, na mapema ni bora kuliko baadaye. Hakuniahidi kitu. Nilimchukia kwa dakika moja hivi, kisha nikaona kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumzia miguu yako bila kutia chumvi.

Najua unachotaka kuniuliza sasa hivi. Nakusikia kabisa. Unataka kujua, wadudu hao, wakioshwa ile dawa ikatoka, mikia inarudi au hairudi? Nimeshafanya. Nimewaosha kwa mikono yangu, nimetazama, jibu ninalo hapa mezani. Na sikwambii. Siyo kwa kukukomoa. Nilikupa jibu la mwani mara moja, ukaenda ukalivaa mguuni kama kiatu, na tazama limekufikisha wapi. Wewe si mwani, Dada. Nilisahau, mimi niliyesoma. Jibu la miguu yako haliko kwenye chupa zangu, liko kwa yule anayeweza kuishika.

Nilipokuwa mdogo nakaa chini ya ile meza, sindano ilikuwa ikikudunga kidole unakitia mdomoni haraka, unaniambia haiumi. Ulisema hivyo ili nisilie. Nami nilikua nikiamini kwamba dada yangu ameumbwa bila maumivu, kama watu wengine walivyoumbwa bila ndevu. Nimeshika mtindo huohuo, nikakwambia mikia inaota ili usilie wewe. Tumelindana kwa uongo maisha yetu yote, na tulikuwa hodari. Basi na tuache sasa. Nesi akikuuliza habari za miguu, usimwambie mizima. Vua kiatu, mwonyeshe lile jeraha, mwambie sindano ilivunjika ndani ukaendelea kushona. Mwambie hukuisikia.

Kama baada ya hapo hutaki kunisikia mimi tena, nitaelewa, ingawa sitanyamaza. Nitakuja nikae kizingitini mpaka unifukuze kwa ufagio.

Nisalimie sana Shemeji, na umwambie wewe mwenyewe habari ya sindano kabla hajaisikia kwingine. Wasalimie wateja wako, hata yule wa mabega. Naye Bi Maswali, mwambie nilimkimbia kwenye simu na ninaona aibu. Mwambie jibu la swali lake ni hapana, si kweli, na asiache kuuliza.

Na sasa lile swali nililoliacha mwanzoni. Hali yako, Dada? Nauliza kweli. Usiniambie salama.

Ni mimi mdogo wako wa chini ya meza,

Kijiti